Mawe ya Msingi Yametosha, Kaunti Zimalize Majengo

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kwa mpiga kura, hiyo ni tarehe ya kwenda kituoni na kitambulisho mkononi. Kwa afisa wa fedha wa kaunti ina maana nyingine: bajeti ya mwaka wa 2026/27 ndiyo ya mwisho ambayo magavana walioko ofisini wataisimamia yote, kuanzia Julai Mosi hadi Juni 30. Gavana anayetetea kiti anatafuta kitu cha kuonyesha. Anayemaliza muhula wa pili anatafuta kitu cha kukumbukiwa. Na katika wadi zote 1,450 za nchi hii yupo diwani anayetaka zahanati, darasa la chekechea au banda la soko lenye rangi mbichi kabla kampeni hazijapamba moto.

Tunapiga kengele mapema kwa sababu yanayofuata tunayajua. Baada ya uchaguzi wa 2022, magavana wapya katika kaunti kadhaa waliunda kamati za kuhakiki madeni waliyorithi. Wakati uhakiki ukiendelea malipo yalisimama, wanakandarasi wakaondoa mitambo yao, na majengo yaliyokuwa yakingoja paa yakaachiwa mvua na popo.

Ni vigumu leo kupata kaunti isiyo na jengo la namna hiyo. Kuta zimesimama, nondo zimechomoza juu zikila kutu, magugu yamefika dirishani, na nje kuna bango lililopauka ambalo bado linasomeka jina la mradi na la mkandarasi. Pwani tuna magofu ya kujivunia, kama yale ya Gede ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Lakini Gede ilikaliwa na watu kwanza, ikawa gofu baadaye. Kaunti zetu zimegundua njia ya mkato.

Tukizungumzia fedha za kaunti tunakimbilia neno wizi, na sababu tunazo. Nani amesahau zile wilbaro kumi za Bungoma, zilizonunuliwa mwaka 2015 kwa zaidi ya Sh109,000 kila moja? Februari 2025 mahakama ilimhukumu aliyekuwa gavana wa Kiambu, Ferdinand Waititu, kifungo cha miaka 12 au faini ya Sh53.5 milioni katika kesi ya zabuni ya barabara ya Sh588 milioni, naye akakata rufaa. Kesi kama hizo ziendelee kufika mahakamani. Hata hivyo, majengo mengi yaliyokwama hayakukwama kwa sababu mtu alitoroka na gunia la pesa. Yalikwama kwa maamuzi halali, yaliyojadiliwa na kamati, yakapitishwa na bunge la kaunti na kutiwa saini. Hilo ndilo linalotutia hofu zaidi, kwa sababu mwizi anaweza kushtakiwa, lakini uamuzi mbovu uliofuata utaratibu hauna wa kuushtaki.

Tazama jinsi jengo linavyokwama. Zahanati inakadiriwa kugharimu, tuseme, Sh20 milioni. Lakini fedha za maendeleo hazigawanywi kwa kuangalia mradi unahitaji kiasi gani. Zinagawanywa ili kila diwani arudi nyumbani na chake, la sivyo bajeti haipiti. Zahanati inatengewa Sh5 milioni, na wadi jirani, inayotaka ukumbi wa vijana, inapewa Sh5 milioni pia. Hakuna lolote kati ya hayo mawili linaloweza kukamilika kwa fedha hizo, na waliokaa mezani wanajua. Zabuni inatangazwa hivyo hivyo, kwa awamu ya kwanza. Msingi unachimbwa, kuta zinapanda.

Kisha fedha zinachelewa. Katiba katika kifungu cha 219 inaitaka serikali ya kitaifa ipeleke mgao wa kaunti bila kuchelewa pasipo sababu, lakini magavana wamelia mwaka baada ya mwaka kuhusu miezi miwili au mitatu ya mgao ambao haujafika. Mkandarasi anawasilisha hati ya malipo Februari, anaambiwa asubiri. Juni inapofika, fedha zinaingia kwa kishindo siku chache kabla mwaka wa fedha kufungwa, wahasibu wanakesha kwenye mfumo wa malipo, na anayelipwa ni yule aliye karibu na mlango. Wengine wanahamishiwa kwenye orodha ya madeni. Julai inakuja bajeti mpya, yenye miradi mipya, na awamu ya pili ya zahanati haimo, au imetengewa fedha ambazo sasa hazitoshi hata kulipa deni la awamu ya kwanza.

Chanzo kingine cha balaa hili ni hesabu za hewani. Sheria inataka bajeti isawazike, matumizi yasizidi mapato. Kaunti ikitaka kutumia zaidi ya mgao wake, njia rahisi ni kuandika kwamba itakusanya mapato makubwa ya ndani: ada za maegesho, leseni za biashara, kodi za ardhi, ushuru wa soko. Kwenye karatasi hesabu inasawazika. Mwisho wa mwaka makusanyo yanakuwa nusu, ilhali zabuni zimeshatolewa kwa kiasi chote. Msimamizi wa Bajeti, Dkt Margaret Nyakang'o, amelitaja jambo hili katika ripoti zake mara nyingi kiasi kwamba hakuna waziri wa fedha wa kaunti anayeweza kudai hakulisikia. Anayeandika mapato asiyoyatarajia anaandika deni, na hatia hiyo haipungui kwa sababu hakuna pesa iliyoingia mfukoni mwake.

Matokeo yanaonekana wazi. Mgao wa kaunti umepanda kutoka Sh190 bilioni mwaka wa 2013/14, ugatuzi ulipoanza, hadi Sh415 bilioni mwaka wa 2025/26. Kufikia mwisho wa Juni 2025, madeni ambayo kaunti hazikuwa zimelipa yalikuwa zaidi ya Sh170 bilioni, na karibu nusu ya hayo ni ya Nairobi peke yake, sehemu kubwa ikiwa imerithiwa kutoka kwa lililokuwa baraza la jiji. Mwaka hadi mwaka orodha hiyo inapungua kidogo au kuongezeka kidogo, haiishi.

Nyuma ya tarakimu hizo kuna watu. Serikali iliwaambia vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kwamba asilimia 30 ya zabuni za umma ni zao. Wakasajili kampuni, wakachukua mikopo benki wakiweka dhamana shamba la baba au gari la familia, wakasambaza saruji, mabati na madawati. Kaunti ilipokea bidhaa na kunyamaza. Benki haikunyamaza. Dalali alipofika na barua ya mnada, barua ya kaunti inayosema deni linahakikiwa haikumzuia kuondoka na gari. Ajabu ni kwamba kaunti hiyo hiyo itamwandikia kijana huyu ilani kwa kuchelewa kulipa leseni ya biashara.

Katikati ya hali hii, baadhi ya majengo yanayosukumwa kwa bidii zaidi ni ya viongozi wenyewe. Hatusemi gavana akae chini ya mwembe. Kaunti tano, yaani Isiolo, Lamu, Nyandarua, Tana River na Tharaka Nithi, zilianza ugatuzi bila makao yanayofaa, na ndiyo maana ukabuniwa mpango wa serikali ya kitaifa kutoa asilimia 70 ya gharama za ujenzi na kaunti asilimia 30. Mkazi wa Lamu anayevuka bahari kufuata kibali Mokowe, au mkulima wa Nyandarua anayefika Ol Kalou, ana haki ya kuhudumiwa mahali penye paa na choo. Lakini hata mpango huo, wenye serikali mbili nyuma yake, umejikokota miaka na miaka, kila upande ukimngoja mwenzake atoe sehemu yake.

Makazi rasmi ya magavana ni habari nyingine. Mwaka 2019 Tume ya Mishahara na Marupurupu iliweka kikomo: Sh45 milioni kwa nyumba ya gavana, Sh40 milioni kwa naibu wake na Sh35 milioni kwa spika wa bunge la kaunti. Kwa fedha hizo familia ya kawaida ingejenga mtaa mzima mdogo. Bado zipo kaunti zilizoona kiwango hicho ni cha chini, zikaongeza ukuta, zikaongeza lango, zikaongeza nyumba ya walinzi, kila nyongeza ikiwa na zabuni yake pembeni ili nyumba yenyewe ibaki ndani ya kikomo. Wakaguzi wanalifahamu zoezi hilo. Wodi ya akina mama wanaojifungua haipati bahati ya kugawanywa hivyo.

Hapa wananchi wanaingia wapi? Kisheria, wako kila mahali. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushirikishaji wa umma kuwa miongoni mwa maadili ya taifa, cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha wakazi, na cha 201 kinataka uwazi katika fedha za umma. Aprili 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Ilikuwa mapema, ugatuzi haujatimiza hata miaka miwili, na magavana walishtuka. Wakajifunza. Bahati mbaya, wengi walichojifunza ni kutunza ushahidi: daftari la waliohudhuria, picha za wazee wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki, nakala ya tangazo la gazetini.

Tangazo lenyewe mara nyingi ni la Kiingereza. Linatoka siku chache kabla ya mkutano. Kikao kinaitishwa makao makuu ya kaunti ndogo, saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati mama mboga yuko kibandani na mwendesha bodaboda yuko barabarani. Kitabu cha makadirio kina mamia ya kurasa, nakala ni mbili, na moja imeshikwa na afisa anayeisoma. (Magazeti, hili likiwemo, hulipwa kuchapisha matangazo hayo. Tunapokea malipo na bado tunasema tangazo la gazetini halitoshi.)

Kibaya zaidi ni tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga safari yote ya bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kufikia Septemba Mosi. Mkakati wa fedha, unaoamua kila idara ipate kiasi gani, unawasilishwa kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe yanawasilishwa kufikia Aprili 30. Umati unaitwa Mei. Wakati huo miradi imechaguliwa miezi minane iliyopita na viwango vya idara vimefungwa tangu Machi. Mkazi anayesimama Mei kuomba zahanati yake imalizwe anaambiwa kwa upole kwamba maoni yake yamechukuliwa. Kwa hakika, anachoweza kubadilisha wakati huo ni rangi ya mlango.

Tuseme pia lisilopendeza. Wapiga kura nao wana mkono katika haya. Kwenye mazishi na harambee, diwani haulizwi alimaliza nini, anaulizwa ametuletea nini. Anayetenga fedha kulipa deni la mwenzake aliyeshindwa na kukamilisha jengo lenye jina la mtangulizi wake hapati makofi. Tena kila kijiji kinataka zahanati yake, hata kama ya jirani iko karibu na haina muuguzi. Jengo likikamilika linahitaji wahudumu, dawa, maji na stima kila mwezi, na kaunti nyingi tayari zimepita kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara. Baadhi ya zahanati zilizokamilika zimefungwa kufuli kwa sababu hiyo. Aliyekata utepe alijua hakuna muuguzi wa kupangwa pale.

Wala ugonjwa huu haukuanza na kaunti. Masoko ya mazao yaliyoanzishwa na serikali ya kitaifa chini ya mpango wa kuchangamsha uchumi wa 2009 yalikwama sehemu nyingi, kaunti zikayarithi yakiwa nusu. Masoko ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, lakini serikali ya kitaifa imeendelea kujenga mapya. Nairobi ikitaka kusikika inapozikemea kaunti, ianze kwa kutuma mgao kwa wakati.

Makueni ilionyesha kwamba yapo yanayowezekana. Chini ya Profesa Kivutha Kibwana, gavana kuanzia 2013 hadi 2022, vikao vya kuchagua miradi vilianzia vijijini na kupanda ngazi kwa ngazi, na kila mradi ulikuwa na kamati ya wakazi. Mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie saini kwamba kazi imefanywa. Watu wanaopita karibu na jengo kila siku wanajua kama saruji iliyomwagwa ni mifuko kumi au mitatu. Tusiipambe hadithi hiyo kupita kiasi. Kaunti hiyo hiyo ilikaribia kuvunjika, gavana na madiwani wakigombania bajeti hadi risasi zikafyatuliwa kwenye bunge la kaunti Septemba 2014, na tume iliyochunguza mzozo huo ikapendekeza kaunti isimamishwe, pendekezo ambalo Rais Uhuru Kenyatta alilikataa mwaka uliofuata. Mwananchi akipewa usemi juu ya fedha, kuna mtu anayenyang'anywa usemi huo, naye hataukabidhi akicheka. Ndiyo sababu kaunti nyingi zinatuma ujumbe Makueni kujifunza, zikirudi nyumbani zinaandika ripoti ya safari.

Usimamizi wa baada ya matumizi umethibitika kuwa wa kuchelewa mno kuokoa jengo. Mkaguzi Mkuu, Nancy Gathungu, anatakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha, na bunge linalohusika liijadili ndani ya miezi mitatu. Gavana anapoketi mbele ya kamati ya Seneti kuhojiwa, mara nyingi anajibu maswali ya fedha zilizotumika miaka kadhaa nyuma, pengine na mtangulizi wake. Martin Wambora wa Embu, gavana wa kwanza kung'olewa na Seneti, mwaka 2014, alikabiliwa na madai yaliyohusu ukarabati wa uwanja wa michezo miongoni mwa mengine. Mahakama zilimrudisha, akashinda tena 2017 na kumaliza muhula. Nchi ilifuata kila kesi ya mtu huyo. Uwanja ulikoma kuzungumziwa mapema sana.

Kwa hivyo kazi ifanywe kabla fedha hazijatoka. Tunayataka mabunge yote 47 ya kaunti yakatae kupitisha mradi wowote mpya wa ujenzi katika bajeti zilizobaki kabla ya uchaguzi hadi idara husika iwasilishe orodha kamili ya majengo yake ambayo hayajakamilika: kila moja liko wapi, mkataba ulikuwa wa kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, kinadaiwa kiasi gani, na kinahitajika kiasi gani kulimaliza na kuliwekea wahudumu. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kila wadi, kwa Kiswahili na kwa lugha inayosemwa hapo. Mradi unaohitaji Sh20 milioni utengewe Sh20 milioni, au uandikiwe miaka ambayo fedha zake zitatoka, la sivyo usianzishwe. Madiwani watasema hilo litaziacha wadi nyingine mikono mitupu mwaka huu. Ni kweli, zitabaki hivyo. Wadi yenye zahanati iliyokamilika mwaka huu na nyingine mwakani ni afadhali kuliko wadi mbili zenye kuta.

Msimamizi wa Bajeti naye anao uwezo ambao hakuna mwingine anao, kwa sababu hakuna shilingi inayotoka katika Hazina ya Mapato ya Kaunti bila idhini yake. Amekuwa akihimiza madeni yalipwe kwanza. Tungependa kumwona akikataa maombi ya fedha za miradi mipya kutoka kwa kaunti zisizo na ratiba ya kulipa madeni hayo, na akizitaja kwa majina, hata kama magavana watamkimbilia mahakamani.

Msomaji asiyetaka kungoja madiwani ana silaha pia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma akiomba taarifa, bila kueleza anazitakia nini, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Omba nakala ya mkataba wa jengo lililokwama karibu nawe, makadirio ya vifaa na kazi, na rekodi za malipo. Andika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mpango wa maendeleo wa mwaka nao unatua bunge la kaunti kufikia Septemba Mosi, kwa hiyo barua yenye uzito ni ile itakayofika ofisi ya karani kabla ya mwisho wa Agosti, ikiwa na majina ya wakazi na jina la jengo moja tu wanalotaka limalizwe.